Kamera ya Kumpiga Tunu

Mwasiti alikuwa na miezi mitatu tu ya kujifunza kupiga picha kwa simu, lakini dukani aliulizia zile kamera kubwa za wapiga picha wenyewe.

"Ya harusi au ya studio, mama?" aliuliza Hamdani, mwenye duka.

"Ya hii." Alifungua leso, akatoa picha ya marehemu bintiye, Tunu, akikimbia uani. Ilikuwa ndiyo picha pekee, na uso wote ulikuwa ukungu. "Alikuwa hatulii huyu. Nataka niipige upya, itoke safi."

Hamdani alikusudia kumwambia ukweli. Badala yake aliilaza picha mezani, akachukua kamera ya bei kali kuliko zote, akapiga. Kwenye kioo cha kamera zilionekana mpaka nyuzi za karatasi, na alama ya kidole cha Mwasiti pembeni. Uso ulibaki ukungu uleule, ila sasa ulikuwa mkubwa.

"Lenzi kali zaidi ya hii hamna?"

Hamdani alipanda kigoda, akaanza kutafuta kwenye rafu ya juu. Chini yake, Mwasiti alilowesha ncha ya leso kwa mate, akawa anaifuta picha pale usoni, taratibu, kama anayemfuta mtoto makamasi.