Chupa Zilizovaa Soksi

Chupa ya soksi ya kijani ilimiminwa, na mke alijua ni mvinyo kwa sababu moja tu: ulikuwa mwekundu. Harufu hakuisikia. Ladha hakuipata. Kinywani mwake yalikuwa maji ya bomba tu.

Meza ya chakula ilijaa chupa kutoka Chile, Ureno, Georgia na Afrika Kusini, zote za bei ambayo mwalimu au fundi anaimudu, zote zimevishwa soksi kuukuu za watoto ili nembo zisionekane. Ndivyo yeye na mumewe walivyofanya kazi tangu waoane. Wanaonja bila kusema neno, kisha chupa inayofaa inasogezwa dirishani, isiyofaa inapelekwa jikoni ikapikiwe nyama. Mwenye duka la mvinyo aliyewapa kazi hiyo aliziamini ndimi zao kuliko ulimi wake mwenyewe.

Mwaka huu aliziamini kupita kiasi. Chupa watakayoipa nafasi ya kwanza, angeiagiza kontena zima. Ikiwa mbovu, duka linafungwa, na wauzaji wake wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Mke aliyajua haya yote, na moyo ulimsuta. Tangu ile homa iliyowalaza yeye na mumewe kitanda kimoja, pua yake ilibaki pambo usoni. Alipaswa kusema siku ile ile. Aliogopa kupoteza kazi, halafu akaogopa zaidi kumwaibisha mumewe, aliyekuwa akijigamba kwa shemeji zake kwamba mkewe ananusa mvinyo na kukwambia mvua ilinyesha lini.

Basi akajifunza kuibia, kama mwanafunzi kwenye mtihani. Mume akimeza, nyusi zake husema kila kitu. Zikipanda, dirishani; zikitulia, jikoni.

Tatizo, siku hizi mume alikuwa mzito kuonja. Alishika glasi akamkazia macho mkewe, mpaka mke akahisi ameshagundulika. Kisha akamwashiria kwa mkono: tangulia wewe. Mke naye akamrudishia ishara ile ile. Wakabaki wanakaribishana kama wageni mlangoni.

Mwishowe wakanywa pamoja. Nyusi zikapanda kidogo. Mke akatabasamu haraka, na nyusi zikapanda zaidi. Soksi ya kijani ikaenda dirishani, nafasi ya kwanza.

Zamani, wakishameza, walikuwa wakibishana mpaka jirani agonge ukuta. Sasa walikuwa wakiafikiana kila chupa, na mwenye duka alisema ndoa yao imekomaa. Sifa hiyo ilimchoma mke kuliko yote.

Mume akachukua simu ampigie mwenye duka. Mke akamshika mkono.

"Usipige. Mume wangu, nimekukosea." Machozi yalikuwa yameshamtangulia. "Tangu ile homa sisikii harufu wala ladha. Muda wote huu nafuata nyusi zako. Hiyo chupa umeichagua wewe peke yako."

Mume aliiweka simu mezani taratibu. Hakukasirika. Kwanza alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo mzito, halafu akaligeukia dirisha na jasho likamtoka.

"Mimi?" alisema. "Mimi nilikuwa nafuata tabasamu lako."