Nywila ya Bi Mashavu

Bi Mashavu, katibu wa ofisi ya viwanja, alivuta kiti akakaa bega kwa bega na Hamduni, fundi wa kompyuta. Kijana huyo alikuwa akiweka kwenye seva tovuti ndogo itakayouonyesha mji mzima nani mwenye kiwanja kipi. Na kiwanja kimoja, baba yake Hamduni alikuwa akikigombania.

"Andika nywila, mama. Mimi usinitajie."

Aliandika herufi tatu. Skrini nyeusi haikuonyesha hata nukta.

"Mbona hakuna kitu? Unanichezea?"

"Ndivyo ilivyo, mama. Inapokea, ila haionyeshi."

"Anayepokea asionyeshe namjua mimi, huyo ni mwizi. Hebu geukia kabatini huko!"

Hamduni akainuka, akampa mgongo, mtulivu kama mwari. Bi Mashavu akaanza upya kwa kidole kimoja, na kwa kuwa macho hayakumsaidia, akawa anainong'oneza kila herufi ili asipotee njiani. Mwishowe mashine ikakubali.

Akashusha pumzi. "Haya, geuka."

Hamduni hakugeuka. Kwenye kioo cha kabati, midomo ya kijana ilikuwa bado ikichezacheza, herufi baada ya herufi.