Mchele wa Atuganile

Kwa sheria, chakula kilitajwa kwa jina la mahali kilipoota, na kila jiko lilikuwa na sikio la serikali ukutani. Mgeni aliyekosea jina hakuruhusiwa kukanyaga tena mji alikokosea. Mbegu ya Kyela, ambayo Atuganile alifungiwa na mama yake kwenye pindo la khanga siku ya kuolewa, iliota Kahama alikoolewa; basi mchele wake ukawa wa Kahama.

Mama yake alipokuja kutoka Kyela kuwatembelea, akanusa sufuria, akacheka. “Ee mwanangu! Huu ni wa Kye—”

Atuganile akamziba mdomo. “Mama, hutaniona tena!”

Mama akautoa ule mkono taratibu, akamtazama mjukuu wake, mzaliwa wa Kahama, aliyekuwa akitafuna ukoko.

“Na huyu,” akanong’ona, “nimwite wa wapi?”

Ukutani, sikio likawasha taa, likingoja Atuganile ajibu.