Mpaka Watu Wazima Wafike

“Kula, bwana, kula!” Obedi alisukuma sahani ya soseji mbele ya Joel kama mtu anayenenepesha beberu wa sikukuu. “Mwaka mzima umeisubiri siku hii, leo unadonoa kama kifaranga?”

Joel alicheka, akachovya soseji kwenye haradali, akaila. Obedi akashusha pumzi. Rafiki yake alikuwa na raha ya muda mfupi tu iliyobaki, na pale mezani hakuna mwingine aliyejua.

Sherehe ya Kijerumani ilikuwa imepamba moto. Ilifanyika kila Oktoba katika bustani moja pembeni mwa jiji la Dodoma, ikiandaliwa na mafundi waliofunzwa kazi na Mjerumani mmoja aliyekwisha kurudi kwao. Tarumbeta zililia. Wanaume wazima na vitambi vyao walivaa kaptura za mikanda ya mabegani bila haya yoyote, na bia ilinywewa kwenye magilasi makubwa ambayo nyumbani ungeyatumia kuteka maji. Obedi na Joel, maseremala wa Nkuhungu, hawakuwahi kuikosa.

Simu ya Mzee Mazengo, mjumbe wa mtaa wao, ilikuwa imeingia muda mfupi kabla, Joel akiwa amekwenda kutafuta haradali.

“Shikamoo, mzee!” Obedi alipaza sauti kuzishinda tarumbeta.

Mzee hakuitikia. “Mko wapi? Joel yuko na wewe?”

“Yuko, tuko kwenye sherehe.”

“Haya. Kaeni hapo hapo, msiachane. Kuna jambo. Tunakuja watu wazima.”

Simu ikakatika. Obedi alibaki ameishikilia sikioni, kabichi chachu ikimgeuka mdomoni. Nani mtaani kwao asiyeyajua maneno yale? Habari ya kifo haipewi mtu kwenye simu, tena akiwa mbali na kwake. Inaletwa na watu wazima, ana kwa ana. Mpaka wafike, aliye karibu na mfiwa kazi yake ni kumshikilia na kufunga mdomo.

Na mama yake Joel alikuwa amelazwa tangu wiki iliyopita, presha imempanda. Asubuhi ileile Joel alikuwa akijisifu, “Bi mkubwa anaendelea vizuri. Jana kanigombeza kama zamani.”

Upesi upesi Obedi akampigia mke wake. Misibani Gladness ndiye huitwa wa kwanza. Anajua amshike nani na amwambie nini, wakati Obedi huishia kusimama mlangoni akikunja kofia. Hakupatikana. Alikuwa kwenye basi akirudi kutoka Kondoa, alikokwenda kumwona dada yake, na njia ile ina sehemu mtandao ni wa kubahatisha.

Joel alirudi amechelewa, macho mekundu.

“Haradali ya leo kali,” alisema. “Nimeionja kwa kijiko kizima.”

Obedi akacheka mpaka majirani wakageuka. Alitaka kulia.

Sasa hofu yake ikawa simu ya Joel. Mtu mmoja tu asiye na adabu angetuma pole kabla ya wakati, na mambo yangeharibika palepale.

“Unaonaje tuzime simu?” alisema kwa sauti ya mzaha. “Wateja watusumbue kesho.”

“Ndiyo, tuzime,” Joel alisema, kabla hata Obedi hajamaliza. Akanyoosha mkono, akaichukua ya Obedi, akazizima zote mbili, akazitia katika mfuko wake wa shati na kuufunga kifungo.

Obedi akamshukuru Mungu kwa urahisi ule.

Lakini jioni ilikataa kuja. Kila Obedi alipomwongezea bia, Joel naye alimwongezea. Joel, ambaye kwa soseji ni mchoyo wa kutajwa, alimkatia ya kwake na kumwekea kwenye sahani. Obedi alipokwenda msalani, Joel akamfuata mpaka mlangoni. Afadhali, aliwaza Obedi, hivi hawezi kunitoroka. Kisha Joel akamvuta wakacheze, na Obedi akacheza, miguu mizito, akimtazama mwenzake anayerukaruka na kofia yenye unyoya huku mama yake amelala mochwari. Alijiona msaliti. Rafiki gani huyu anayekuchezesha siku ya msiba wako?

Waliporudi mezani uvumilivu ulimwisha.

“Joel.”

“Naam, ndugu yangu.”

Joel alikuwa akimtazama kwa upole mno, upole wa mtu asiyejua kinachomjia. Obedi angempa nini? Hakuwa na kitu.

“Hakuna. Kunywa tu.”

Joel akamwekea mkono begani. “Wewe ni ndugu yangu, Obedi. Lolote litakalotokea. Unalijua hilo?”

Bia hiyo inaongea, aliwaza Obedi.

Ndipo gari dogo jeupe lilipoingia getini. Akashuka Mzee Mazengo, kofia mkononi. Wakafuata mchungaji na wanawake wawili waliojifunga khanga kiunoni. Waliokuwa wakicheza waliwapisha bila kuulizwa.

Obedi akasimama. Akaushika mkono wa Joel kwa nguvu zake zote, ili akianguka asianguke peke yake. Joel alikuwa ameshasimama, na alikuwa amemshika yeye.

Mlango wa nyuma ukafunguka tena, taratibu. Bibi mmoja akasaidiwa kushuka, bandeji ya hospitali bado ipo mkononi. Alikuwa mama yake Joel.

Alimpita mwanawe bila kumtazama, akaenda moja kwa moja kwa Obedi na kumfungulia mikono, na Obedi akalikumbuka basi la Kondoa.