Mtahini wa Nje

Binti hajakaa hata sawasawa, Daktari akamrushia swali la kwanza.

"Utangulizi wako wote ni sifa za msimamizi wako. Umekuja kutetea tasnifu au kumpamba mtu?"

Mwisho wa meza, Profesa, msimamizi mwenyewe, alikuwa akifuta miwani kama vile si yeye anayesemwa.

Daktari akamtazama, moyo ukamchemka. Chumba kilekile, meza ileile. Hapa ndipo mzee huyu alipoiangusha tasnifu yake enzi za usichana wake, kisa alithubutu kusema kwamba mpishi anayesimulia riwaya moja ya Kiingereza anasema kweli. Profesa alikuwa amejijengea jina kwa kitabu kizima cha kumwita mpishi yule mwongo. "Fasihi huiwezi, dada. Nenda kafundishe watoto kusoma," alimwambia mbele za watu. Alilia mpaka macho yakavimba, akahama chuo, akaanza upya. Leo wamemwalika wenyewe awe mtahini wa nje, na neno la mtahini wa nje halipingwi. Mungu si Athumani! Leo atamkata mzee maini, tena kupitia kipenzi chake.

"Samahani, Daktari," binti alisema. "Zile sifa niliagizwa niziweke. Naomba tufike sura ya nne, maana ndiyo..."

"Anayeuliza hapa ni mimi."

Sura ya nne, thubutu! Alipoisoma tasnifu nyumbani, zile sifa tu zilimtia kichefuchefu, kwingine kote akapitisha macho juu juu. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Akambana binti kwa nadharia, akambana kwa tanbihi, mpaka maskini akashindwa kueleza hata sentensi aliyoiandika kwa mkono wake.

Profesa hakufungua mdomo kumtetea. Leo kapatikana, Daktari aliwaza, na raha ikamtambaa mwilini.

Mwenyekiti alipomwomba uamuzi, hakuzunguka. "Amefeli."

Binti akakusanya karatasi zake, machozi yakimdondoka, akatoka bila kumuaga mtu.

Kwenye korido Profesa akamfuata Daktari nyuma. Daktari akajiweka tayari kwa matusi, tena aliyasubiri kwa hamu. Mzee akampa mkono.

"Ahsante sana, dada. Mimi ndiye niliyekupendekeza uje. Ningemwangusha mwenyewe, wangesema nina kinyongo."

"Kinyongo gani, na mwanafunzi wako mwenyewe?"

"Kumbe kweli hukufika sura ya nne!" Mzee akacheka taratibu. "Aliichimbua tasnifu yako stoo ya maktaba, akathibitisha kwamba mpishi anasema kweli. Kitabu changu kilikuwa kinakwenda kaburini leo. Na jina lako, dada, limo kila ukurasa."