Ukili Mmoja, Mabibi Harusi Wawili

Ukiuliza fundi wa kusuka ni nani, ndege wote walimtaja Mnana, na Mnana mwenyewe alijitaja kabla hujauliza.

Alisuka ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, ukapendeza mno. Kanga na Kware, wote wakikaribia kuolewa, wakautaka kwa mikeka ya harusi zao.

"Ngojeni nisuke mwingine kama huu, kila mtu aendeleze wake," alisema Mnana.

"Utatuchelewesha, fundi!" Kanga akacheka, Kware naye. "Tupe huo huo. Nitaongeza asubuhi, mwenzangu jioni."

Asubuhi Kanga akaunga ukindu mweusi. Jioni Kware akaunga mwekundu. Kesho yake Kanga akamaka:

"Nani kautia wekundu ukili wangu?"

"Wako? Na nani kautia wangu weusi?"

Wakavutana hata ukakatika, wakamrudia Mnana wakilia.

Mnana akatoa mwingine, akampa Kanga. Akatoa wa tatu, akampa Kware. Zote mbili zilikuwa sawa na ule wa kwanza, uzi kwa uzi.

"Umesuka lini, fundi?"

"Mlipokuwa mnanicheka," akajibu Mnana, akituna kifua. "Na nilisuka mbili, maana ule wa kwanza nilikwisha kuuaga."