Usingizi wa Nasra

Siku hizi rubani halipwi kwa kuruka, analipwa kwa kulala. Binti yangu Nasra huvaa bangili inayopima usingizi wake. Akilala vizuri, shirika humlipa na kumpa safari nyingine. Akishtuliwa na kelele, hukatwa mshahara.

Nashukuru sana, maana tunakula vizuri. Majirani nao ni watu wema. Mama Shekue huenda kutwanga kwa dada yake, na muuza samaki akikaribia kwetu hushuka kwenye baiskeli, akapita bila kupiga kengele.

Jana alikuja bwana mmoja wa shirika, mpole, ametuletea maziwa. Mjukuu wangu Tumu, wa miaka minne, alimkimbilia, akajikwaa kizingitini na kuchubuka goti vibaya. Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka, sauti haikutoka.

"Hongera, bibi," bwana yule akaniambia. "Watoto wa namna hii ndio tunaowatafuta. Akishakuwa mkubwa, nafasi yake ya urubani ipo."

Nilimshukuru kwa moyo wote. Alipoondoka nikamsafisha Tumu goti, nikamfunga kitambaa.

"Lia, mjukuu wangu," nikamwambia. "Mama yuko safarini. Leo hakuna aliyelala."

Aliniangalia, akajaribu. Mdomo ulifunguka, kifua kikapanda na kushuka. Nikamwambia ajaribu tena.

"Bibi," akaninong'oneza, "kulia kunaanzaje?"